Watangazaji bora na wabovu wa michezo ya watoto kwenye TV: tuwapange hapa

Chalii wa Sakina (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni MC, nipo Arusha. Riziki yangu kubwa ni kipaimara na sendoff, lakini ukifika msimu wa mahafali shule zinaniita kuendesha chemsha bongo za watoto. Kazi ya watoto ni ngumu kuliko harusi, asikudanganye mtu. Mlevi wa harusini ukimkosea anacheka na wewe, kesho hakumbuki. Mtoto ukimkosea mbele ya wazazi na darasa lake zima, hiyo anaondoka nayo. Ndiyo maana usiku hukaa YouTube kutazama vipindi vya zamani vya mashindano ya watoto, vya Marekani na Uingereza, nione wenzetu walifanyaje.

Naweka kipimo changu mezani kabisa ili tusibishane hewani. Simpimi mtangazaji kwa suti, kwa vichekesho wala kwa kelele. Mtoto akipata jibu, kila mtangazaji ni hodari. Mimi namvizia pale mtoto anapokosa. Zile sekunde chache, jamaa anafanya nini? Anamtazama nani? Maiki inaelekea wapi?

Kwa kipimo hicho namba moja wangu ni Bob Holness wa Blockbusters, ITV ya Uingereza, kuanzia 1983 hadi 1993. Washiriki walikuwa wanafunzi wa sekondari za juu, mmoja dhidi ya wawili. Mbele yao kuna ubao wa herufi, unachagua herufi, jibu lazima lianze na herufi hiyo. Mzee mwenyewe alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1928, na huko huko mwaka 1956 aliigiza James Bond kwenye redio. Lakini sikiliza anavyoongea na wale vijana: kama mjomba aliyekuja kuwasalimia bwenini. Mtu akikosa, sauti yake haipandi wala haishuki. Mchezo unaendelea. Hakuna pole ndefu, hakuna kicheko cha pembeni, kamera haipewi nafasi ya kumganda mtoto usoni.

Mbovu wangu najua atanitafutia ugomvi: Dec, yule wa Ant na Dec, wale watangazaji wawili wa Uingereza, kwenye SMTV Live, kipindi cha Jumamosi asubuhi kilichoanza 1998. Kulikuwa na mchezo wa simu unaitwa Wonkey Donkey. Unaonyeshwa mnyama wa kuchezea, unatakiwa utaje jina lake pamoja na sifa inayofanana nalo kwa sauti, kama hilo jina la mchezo lenyewe. Watoto wanapiga simu, wanataja kitu kisicho na vina, na Dec anapandisha mori. Anafoka. Nchi nzima inacheka. Mimi nilikuwa namwaza mtoto aliyeko upande wa pili wa simu.

Haya, wekeni wa kwenu. Sababu muhimu, jina tupu halihesabiki.

Dogo wa Unga Ltd

Nimekaa paleee na karanga zangu.

Mama Wawili Njiro

Mleta uzi, umemruka Marc Summers halafu unasema unapanga watangazaji? Double Dare ya Nickelodeon, ile TV ya watoto ya Marekani, kilianza Oktoba 1986. Ukishindwa swali unawarudishia wapinzani kwa dau kubwa zaidi, wao nao wanaweza kukurudishia tena, na ukikwama kabisa unaenda kufanya kituko. Mtoto anavaa suruali kubwa ya mchekeshaji anadakia keki zinazorushwa. Mwishoni kuna njia ya vizuizi vinane kwa sekunde 60, na kimojawapo ni pua kubwa ambayo inabidi uingize mkono utafute bendera humo ndani kwenye uteute.

Sasa sikieni. Huyo baba miaka yote hiyo alikuwa na ule ugonjwa wa akili unaomlazimisha mtu kusafisha na kupanga vitu bila kuweza kujizuia. Alikuja kuusema hadharani miaka ya 1990, akaandika na kitabu. Fikiria mtu ambaye uchafu unamtesa kichwani, kazi yake ni kusimama katikati ya uji wa kijani na krimu, na watoto wanamkumbatia wakiwa wameloa. Mimi nina mtoto mwenye shida zake, siwezi kuzieleza humu, lakini niliposoma habari ya Summers nilirudia kutazama vipindi vyake kwa jicho jingine. Sikuona hata mara moja akimkwepa mtoto.

Kipimo chako, mleta uzi, anafaulu. Kwenye Double Dare kushindwa ndiyo raha yenyewe. Mtoto aliyekosa swali ndiye anapata keki.

(Ila ule upotevu wa chakula jamani. Mayai trei kwa trei. Mama yangu angezima TV.)

Kaloleni Finest

Mleta uzi umemwonea Dec. Ule mchezo watoto walikuwa wanapigana kupata laini ili wafokewe. Hasira zilikuwa za maigizo na watoto wa kule walijua. Ungekuwa umekulia kule ungejua. Tatizo lako unaangalia mambo ya Uingereza ukiwa umevaa koti la MC wa Arusha.

Mbovu ni Kirk Fogg wa Legends of the Hidden Temple, 1993 hadi 1995. Si kwa roho mbaya, kwa kutokuwa na msaada. Wale watoto wana dakika tatu ndani ya hekalu la kutengeneza, studio za Universal kule Orlando. Wanafika chumba cha nyani wa fedha. Sanamu ina vipande vitatu tu: kitako, kiwiliwili, kichwa. Mtoto anashika kichwa, anakibandika chini. Anageuza. Anabandika kitako juu. Muda unakwisha. Kirk yuko nje anatangaza mbio. Mimi na ndugu zangu tulikuwa tunapiga kelele kwenye kochi mpaka jirani anagonga ukuta.

Aliyebeba kipindi kile ni Olmec, lile jiwe kubwa linaloongea. Sauti ilikuwa ya Dee Bradley Baker. Jiwe lilikuwa na utu kuliko binadamu aliyesimama pembeni yake.

Mwl. wa Pasua

Habari zenu wakuu. Nafundisha Jiografia Moshi, kwa hiyo mtanisamehe nikivutia upande wangu.

Where in the World Is Carmen Sandiego? cha PBS, TV ya umma ya Marekani, 1991 hadi 1995. Mtangazaji Greg Lee, bosi wake wa mchezoni ni marehemu Lynne Thigpen, na wale vijana wa Rockapella wanaimba bila vyombo. Fainali mtoto anapewa sekunde 45, ramani kubwa imetandikwa sakafuni, Greg anataja nchi, mtoto anakimbia na mnara wenye taa kwenda kuusimika mahali pake. Akipatia, ving'ora. Akikosea, mlio wa kukatisha tamaa.

Ramani iliyoogopwa kuliko zote ilikuwa ya Afrika. Ikitandikwa hiyo unaona mtoto kabisa anaishiwa nguvu za miguu. Niliwahi kuwaonyesha wanafunzi wangu kipande kimoja, darasa zima lilisimama. Walikuwa wanamfokea Mmarekani wa watu kwenye skrini, "Kushoto! Kushoto! Hiyo Chad!" Sijawahi kufundisha Afrika Magharibi ikaingia vizuri kama siku ile.

Na sasa Greg Lee. Anataja nchi haraka haraka, mtoto akisimika mnara vibaya hasemi "umekosa". Mlio umeshasema. Yeye anataja inayofuata. Anakwenda na mtoto pembeni pembeni ya ramani, mwili wake umeinama, macho kwa mtoto. Hata aliyeshindwa anaondoka anahema na kucheka.

Linganisha na nilichokiona mwaka fulani kwenye mahafali, shule siitaji, MC simtaji, na si mleta uzi. Binti wa darasa la nne kaulizwa mji mkuu wa Tanzania. Kajibu Dar es Salaam. Nusu ya wazazi pale wangejibu hivyo hivyo, Mungu anawaona. MC akachukua lile jibu akalirudia kwenye spika mara mbili, akageukia wazazi: "Jamani, hii ada imeenda wapi?" Ukumbi ukavunjika mbavu. Yule binti alikuwa bado ameishika maiki ya pili kwa mikono miwili, imemgusa kidevu, anamtafuta wa kumpa. Hakuna aliyeipokea. MC keshahamia kwa mwingine.

Muhula uliofuata mkono wake haukunyooka tena darasani kwangu. Nilikuwa namuuliza peke yake, ubaoni akiwa amenipa mgongo, ndiyo anajibu.

Chalii wa Sakina

Mwalimu, hiyo ya maiki umenipiga nayo. Ndicho ninachokisema siku zote kwa vijana ninaofanya nao kazi: mtoto asipewe maiki. Ishike wewe. Ukimpa, umempa na mzigo wa kuirudisha.

Kaloleni, kwa Dec nakubali kusikilizwa lakini sitoki. Maigizo sawa, ila mwigizaji ni mmoja. Mtoto hakupewa sehemu yake ya kuigiza, kapewa simu tu. Angalia tofauti na Knightmare, ITV, 1987 hadi 1994. Kule mtangazaji ni mhusika, Treguard, bwana wa ngome, anaigizwa na Hugo Myatt. Mtoto mmoja anavalishwa kofia ya chuma inayomziba macho, anatembea kwenye mapango ya kuchorwa kwa kompyuta, wenzake watatu wamekaa na Treguard wanamwelekeza kwa mdomo: hatua moja mbele, pinda kulia, simama. Wakikosea, ametumbukia. Mchezo ulikuwa mkatili, misimu 8 na vikundi vilivyoshinda ni 8 tu. Lakini Treguard anawachukulia wale watoto ni mashujaa kweli waliokuja kuhatarisha maisha. Hata akisikitika kwa kejeli, kejeli ni ya ngome, si ya mtoto. Ndiyo maana watu wazima wa kule mpaka leo wanajisifu kwamba walikufa Knightmare.

Mkali anafaa. Anayemgeuza mtoto kuwa kichekesho cha wakubwa hafai. Hapo ndipo naweka mstari.

Mzee wa Tengeru

Vijana mnaongelea miaka ya juzi. Muulizeni Jack Barry. Marekani, mwaka 1953, alianza kutangaza kipindi cha watoto, Winky Dink and You. Mtoto nyumbani ananunuliwa karatasi ya plastiki, anaibandika kwenye kioo cha TV, katuni ikifika mtoni mtoto anaichorea daraja kwa kalamu ya rangi ivuke. Wasio na plastiki walichora kioo chenyewe, wazazi wakasugua.

Jack Barry huyo huyo akaenda kutangaza mchezo wa watu wazima unaoitwa Twenty-One, ambao 1958 ulifumuka kuwa washiriki walikuwa wanapewa majibu. Kashfa ile ilifika mpaka bunge lao. Akakaa nje miaka mingi. Aliporudi kwenye chati na The Joker's Wild miaka ya 1970, mwaka 1979 akaanzisha na toleo lake la watoto.

Swali langu kwa mleta uzi: kwa kipimo chako anaingia wapi? Kwa watoto alikuwa mpole sana.

Chalii wa Sakina

Shikamoo mzee. Umeniweka pabaya. Kwa kipimo changu anafaulu na sitaki afaulu. Niachie nilale nayo.

Dogo wa Unga Ltd

Mzee kaua. MC kaishiwa pumzi.

Sister wa Kiborloni

Kwa Mzee wa Tengeru naongezea: mara nyingine mtangazaji ana adabu zake, waliopo nyuma ya mitambo ndio wanaoharibu. Novemba 2006 Blue Peter, kipindi cha watoto cha BBC, kiliendesha shindano la simu, mitambo ikagoma, wakamchukua mtoto aliyekuja kutembelea studio wakamfanya ajidai ni mpigaji simu, akatangazwa mshindi. Mwaka uliofuata mtangazaji Konnie Huq akaomba radhi hewani, na Ofcom, wasimamizi wa utangazaji wa kule, ikaitoza BBC faini ya pauni 50,000. Mtangazaji ndiye sura, lawama zote zinamwangukia. Na yule mtoto mgeni ambaye hakuomba chochote jamani?

Mzuri wangu ni Summer Sanders wa Figure It Out, Nickelodeon 1997. Bingwa wa kuogelea, ana dhahabu za Olimpiki ya Barcelona 1992. Pale mtoto anakuja na kipaji chake cha ajabu, na wanaobahatisha ni jopo la watu maarufu. Yaani mtoto ndiye swali. Anayekosa ni nyota wa TV, na anayemwagiwa uji wa kijani ni nyota wa TV. Shule zetu zingeiga hiyo.

Kaloleni Finest

Basi hapo mtaje na Dave Benson Phillips wa Get Your Own Back, BBC, kuanzia 1991. Mtoto anamleta mtu mzima aliyemchosha, baba, dada au mwalimu, wanashindana, mwisho mtu mzima anatumbukizwa kwenye dimbwi la uji. Dave anamsimanga mkubwa na kumtetea mdogo mwanzo mwisho.

Lete hiyo Arusha nimlete mwalimu wangu wa nidhamu. Fomu naijaza leo.

Mwl. wa Pasua

@Kaloleni mwalimu wa nidhamu anakusoma hapa.

Mgeni wa Levolosi

Uzi mzuri lakini mbona wote wa ng'ambo? Sisi hatuna hata mmoja?

Mama Wawili Njiro

@Mgeni TV yenyewe bara imeanza 1994. Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu miaka ya 1970, huku tunasikiliza Mama na Mwana ya RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam. Tulikuwa watoto wa redio sisi. Ubongo Kids wamekuja 2014, kazi nzuri, watoto waliweza kujibu maswali kwa SMS, lakini ni katuni, hakuna binadamu wa kumpima kwa kipimo cha MC wetu.

Sister wa Kiborloni

Kwa Afrika Mashariki mimi namtaja John Sibi-Okumu, Mkenya, wa yale mashindano ya maswali ya vyuo vikuu ya kampuni ya simu ya Celtel, ambayo baadaye yakawa ya Zain. Ni ya vyuo, si ya watoto, najua, msinirukie. Lakini aliwahi kuwa mwalimu wa Kifaransa na inaonekana. Swali analisoma mpaka nukta. Hakimbii. Chuo chetu kikikosa unaumia kwa sababu ya jibu, si kwa sababu ya yeye.

Chalii wa Sakina

Sibi-Okumu umenena. Kusoma swali mpaka nukta ni nusu ya kazi. Ma-MC wengi wanasoma swali huku wanatafuta kichekesho kinachofuata.

Mzee wa Tengeru, nimelala nayo. Jack Barry namweka kwenye kundi lake peke yake: mwema kwa mtoto aliyeko mbele yake, ila ningekuwa mzazi nisingemkabidhi karatasi za maswali.

Mwl. wa Pasua

Mleta uzi, mwezi ujao nina chemsha bongo ya darasa la tano na la sita na nimeteuliwa mimi kuendesha, bajeti ya MC haipo. Nipe mbinu za kweli, si nadharia.

Chalii wa Sakina

Mwalimu, hizi zangu:

Piga goti au kaa kwenye kigoda. Ukisimama wima na kushika maiki juu, mtoto anaangalia mashimo ya pua yako.

Maswali yaandike mwenyewe, yasome kwa sauti nyumbani. Swali ambalo ulimi wako unajikwaa, mtoto hatalielewa kwenye spika ya kukodi.

Swali la kwanza la kila mtoto liwe analolijua. Si hongo, ni kumfungua koo.

Akikosa, taja jibu sahihi, mtazame yeye, kisha geukia mtoto mwingine, si wazazi. Ukiwatazama wazazi umewapa ruhusa ya kucheka. Makofi ya pasha yawe kwa kila anayetoka, aliyepata na aliyekosa, kwa idadi ile ile. Watoto wanahesabu, usifikiri hawahesabu.

Kengele tumia ya shule, ya mkono. Yale mambo ya kunyoosha kidole yanaleta ugomvi wa nani alitangulia, na wenye mikono mirefu ndio wanaoonekana.

Na umeme ukikata, usinyamaze. Kuwa na maswali ya kuuliza kwa mdomo mtupu mpaka jenereta iwake.

Mwl. wa Pasua

Ahsante sana. Nimefikiria kitu: uwanja wetu wa mstari asubuhi ni saruji. Nachora Afrika nzima kwa chaki, mtoto anakimbia na kopo la rangi tupu badala ya mnara. Sekunde 45 zile zile. Darasa la sita wote.

Kaloleni Finest

Lesotho utaichora wapi na kopo la lita nne? Litafunika mpaka Swaziland.

Mwl. wa Pasua

Eswatini siku hizi. Lesotho naipa kizibo cha soda.

Chalii wa Sakina

Chora na visiwa, usiache Komoro na Shelisheli. Na chora siku hiyo hiyo asubuhi, ukichora jana yake mvua ya Moshi itakunyima bara zima. Mimi nashuka na Coaster ya saa kumi na mbili, nakuja kushika saa bure, ila nauli ya kurudi na mbege ni juu yako.

Dogo wa Unga Ltd

Mbege kwenye shughuli ya watoto, MC?

Chalii wa Sakina

Baada ya shughuli, dogo. Baada.